Kama Mungu Ndiye Aliyenituma, Mbona Milango Inafungwa?

Asalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni binti wa Lamu, mtaa wa Langoni. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa kwetu kila ninayemweleza jambo hili huwa na jibu kabla sijafika nusu ya maneno yangu.

Nina mdogo wangu wa kiume ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa. Alipofikia umri wa kuanza chuo, yaani madrasa ya Qur'ani, alipelekwa kama watoto wenziwe. Mwalimu akamrudisha nyumbani kwa upole, akasema mtoto huyu Mungu amemsamehe. Basi akakua hivyo. Aliswali kwa kumwangalia baba: baba akiinama naye anainama, baba akisujudu naye anasujudu. Ramadhani alifunga kwa kuwa alituona sote hatuli. Nyumbani tulikuwa na ishara zetu chache za kula, kulala, njoo, nenda, bahari, na zaidi ya hapo hatukuwa na njia ya kumwambia kitu.

Nilipokwenda Mombasa kusomea ualimu wa watoto wadogo nilijuana na dada mmoja kiziwi, akanifundisha lugha ya ishara. Niliporudi Lamu nikaanza kumsomesha mdogo wangu kila baada ya isha. Tulianza na majina ya vitu, tukaja kwenye majina ya watu, halafu mambo yasiyoonekana kwa macho, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Usiku mmoja nikafanikiwa kumfahamisha kwamba ile swala ina maneno, na kwamba mtu akiweka paji la uso chini kuna Anayemsikia. Akaniangalia kwa muda, kisha akaniuliza kwa mikono yake: Hata mimi ananisikia?

Shangazi, tangu usiku ule sikuwa na shaka na kazi ambayo Mungu ameniumbia. Nilifungua chuo kidogo cha watoto viziwi katika ukumbi wa nyumba ya marehemu bibi, kuanzia alasiri hadi karibu na magharibi. Nilipata watoto kumi na mmoja, wa Langoni na Mkomani, wawili wa Shela, mmoja wa Matondoni. Tulisoma herufi, tukasoma udhu na nguzo za swala, tukasoma hesabu na kuandika majina yao.

Kisha mambo yakaanza kubomoka. Wa Shela waliacha kwanza, nauli ya boti iliwashinda wazazi. Mama mmoja alimtoa mwanawe kwa kuwa watu walimcheka njiani wakiona mtoto anapunga mikono. Mtu aliyeahidi kununua meza na vitabu amenyamaza, hata simu hapokei. Mwalimu wangu mwenyewe, aliyenisomesha tangu alifu na be, alisema mbele ya watu kwamba Qur'ani ni ya ulimi na kuifundisha kwa vidole ni mchezo. Hilo liliniuma kuliko yote, na baada yake wakapungua wengine. Sasa nimebaki na wanne. Juu ya hayo, warithi wa nyumba ya bibi wameafikiana kuiuza. Nasikia itakuwa nyumba ya wageni, na tunatakiwa tuwe tumehama kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi.

Baba ni mvuvi. Siku hizi samaki wamekwenda mbali na mafuta ya mashine yanakula anachopata. Binamu yangu aliye Saudia amenitafutia kazi ya nyumbani huko. Mama anasema, Mungu akilitaka jambo hulifungulia njia, na hili lako amelifunga kila upande, wataka akwambie kwa lugha gani tena? Nimeswali istikhara, ile swala ya kumwomba Mungu akuchagulie lililo heri, mara nyingi. Sioti kitu. Na moyo hauliachi jambo hili.

Kama Mungu ndiye aliyenituma, mbona milango inafungwa? Na kama si Yeye, mbona alinionesha mdogo wangu akiuliza vile?

Mwalimu wa wanne, Lamu

Jibu la Shangazi

Waaleikum salaam warahmatullah, mwanangu.

Nitaanza na mama yako, kwa sababu hoja yake ndiyo nzito kuliko zote, na ina msingi katika dini. Dua ya istikhara, ile iliyopokewa na sahaba Jabir bin Abdillah na kuhifadhiwa na Bukhari katika kitabu chake cha hadithi, haimwahidi mtu ndoto. Unamwomba Mungu kwamba kama jambo lina heri na wewe katika dini yako, maisha yako na mwisho wako, alikadirie, alirahisishe na alibariki. Na kama lina shari, aliepushe nawe na akuepushe nalo, kisha akupe heri popote ilipo na akuridhishe nayo. Basi usisubiri ndoto. Mama yako amesikia yale maneno ya kuepushwa, ameangalia yaliyokupata, akaona jibu limekwisha kuja. Hajasema upuuzi.

Lakini hebu tutazame pamoja ni kitu gani hasa kilichofungwa. Umefungwa ukumbi. Umefungwa mkono wa mfadhili mmoja. Imefungwa njia ya boti ya kutoka Shela kwa wazazi wasio na nauli. Haya yote ni ya pembeni mwa kazi. Kazi yenyewe ni mtoto kiziwi kumjua Mola wake, kuandika jina lake na kuweza kumwambia mama yake mahali panapomuuma, na sijaona katika barua yako mahali ambapo kazi hiyo imekataa. Watoto wanne bado wanakuja kila alasiri. Mdogo wako amekwisha uliza swali lake. Katika dua yako uliomba mambo mawili, jambo liepushwe nawe, na wewe uepushwe nalo. Hadi ulipoandika barua hii, hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililotokea.

Najua kwamba moyo kung'ang'ania si hoja peke yake. Watu hung'ang'ania biashara zinazowafilisi na wachumba wanaowaliza, wakasema ni Mungu. Kwa hiyo sikwambii ufuate moyo wako. Nakwambia uangalie ile hadithi iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na masahaba kama waache kutenda wategemee yaliyokwisha andikwa. Aliwaambia watende, kwani kila mmoja hurahisishiwa lile aliloumbiwa. Wengi tukiyasikia maneno hayo tunadhani wepesi utakuwa kwenye mazingira, nyumba ipatikane, pesa zije, watu wapige makofi. Mimi nauona wepesi wako umewekwa mikononi mwako. Ulijifunza lugha ya watu wengine ukubwani. Ukaichukua kutoka "maji" na "bahari" ukaifikisha kwa Asiyeonekana, na mwanafunzi akakufahamu mpaka akauliza swali ambalo wengi wetu tunaosikia hatujawahi kuliuliza. Wako walimu wenye vyeti na majengo ambao hawajafika hapo na mwanafunzi hata mmoja. Hicho ndicho ulichorahisishiwa. Barabara hukuahidiwa.

Nawe ni mtu wa Lamu, hili utalifahamu upesi: kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma, nahodha anayetaka kushuka Mombasa hujua kwamba upepo umemkabili. Atangoja, au atapiga tanga upande upande, au atachukua mzigo mdogo zaidi. Sijasikia nahodha aliyesema kusi imemwambia biashara yake si halali.

Sasa tumtaje Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, kwa sababu watu huisimulia hadithi yake kwa haraka mno. Huanzia kisimani wakarukia kwenye hazina za Misri. Mimi hupenda kukaa nawe pale gerezani, kwa kuwa wewe upo hapo. Alikuwa ameona ndoto yake utotoni, jua na mwezi na nyota kumi na moja zikimsujudia, na sasa yumo jela kwa kosa ambalo hakulitenda. Vijana wawili wanamletea ndoto zao. Angeweza kusema, ikiwa kipawa hiki ni cha kweli mbona nimo humu? Hakusema. Aliwafasiria wale wawili, bure, kwa ukamilifu uleule ambao baadaye alimfasiria mfalme. Halafu akafanya jambo ambalo wengi tunalisahau: alimwomba yule atakayeachiliwa amtaje kwa bwana wake. Aliomba msaada wa mtu. Yule mtu akasahau, na Yusuf akakaa gerezani miaka mingine. Kusahauliwa na mtu yule hakukuwa habari yoyote kuhusu kipawa chake. Mfadhili wako aliyezima simu naye ni hivyo hivyo. Hata kama hatarudi, yaliyotoka kwake yalikuwa yanamhusu yeye.

Tena hapo hapo Langoni unapokaa, nyumba ya Habib Swaleh si mbali nawe. Alikuja Lamu akitokea Ngazija katika visiwa vya Komoro, sharifu, yaani mtu wa kizazi cha Mtume, wa ukoo wa Jamalilil, ambaye angeweza kukaa na wakubwa wa mji akaheshimiwa bila taabu. Akachagua kuwasomesha watu wa chini, waliokuwa watumwa na wageni maskini, ambao barza za wenye mji hazikuwapokea. Wapo wenye heshima zao waliochukizwa sana, wakaona elimu inashushwa thamani. Alianza pembeni mwa mji, padogo. Leo Riyadha, msikiti na chuo chake, iko pale, na kila Mfungo Sita watu hutoka pwani nzima na nchi za mbali kuja kwenye Maulidi ya Lamu. Unaogopa Mfungo Sita kwa kuwa ndipo unapotakiwa uwe umehama. Mimi ningependa mwezi huo ukumbuke kwamba sherehe inayoujaza mji wako ilikuzwa na mtu aliyesomesha wale walioambiwa elimu si yao.

Na mwalimu wako? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu umesema ndilo lililokuuma.

Usimjibu kupitia watu, na usimwache. Mwendee nyumbani kwake kwa adabu ya mwanafunzi, baada ya kuomba ruhusa, pamoja na baba yako na mdogo wako. Usiende kumwambia amekosea. Nenda umuulize. Sisi watu wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, na mwalimu wako anajua kuliko mimi kwamba mafakihi wamekwisha sema: ishara ya bubu inayofahamika husimama mahali pa matamshi. Kwa ishara yake huuza na kununua, kwa ishara yake huozwa, kwa ishara yake hutoa talaka. Basi muulize, ikiwa sheria imeukubali mkono wake katika ndoa, ambayo ni jambo zito, mkono huo hauwezi kupokea maana ya Alhamdu? Na mweleze vizuri unachofanya, kwamba hubadilishi matamshi ya Qur'ani wala hudai vidole ni kisomo. Unafundisha maana, udhu, nguzo na adabu. Huenda alisikia kitu kingine. Watu hupeleka maneno yakiwa yameongezwa chumvi, na mwalimu mzee hujibu alichoambiwa.

Kisha mwache mdogo wako azungumze na wewe utafsiri. Amuulize mwalimu swali lolote la dini analotaka. Naamini mzee aliyesoma Surat Abasa, aya zilizoshuka kwa sababu ya Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyekuja kutaka kufundishwa akageuziwa uso, hatamgeuzia uso kijana huyo. Yule kipofu baadaye alikuwa mwadhini wa Mtume, na aliachiwa Madina aisimamie Mtume alipokuwa safarini. Na lile neno la zamani kwamba mdogo wako amesamehewa, lilikuwa la huruma. Lakini kusamehewa wajibu si kunyimwa haki ya kujua.

Yule mama aliyemtoa mwanawe kwa sababu ya kicheko naye mtembelee. Usimlaumu. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na mzazi wa namna hiyo huwa peke yake: hajawahi kumwona kiziwi mtu mzima anayejiweza, kwa hiyo akimtazama mwanawe haoni mbele. Mpeleke mdogo wako hapo pia. Tena ningekushauri umkalishe pembeni yako darasani kama msaidizi, kwa sababu watoto wale wanahitaji kumwona mkubwa wao anayefanana nao. Na akina mama wape saa yao wenyewe, hata mara moja kwa wiki, wafundishwe ishara. Mtoto anayesoma kwako kuanzia alasiri kisha akarudi kwenye nyumba isiyoweza kumuuliza ameshindaje anabaki peke yake tena. Ukiwapata akina mama, watakulindia chuo kuliko mfadhili yeyote.

Wale wawili wa Shela waendee wewe. Maji yakiwa yamekupwa, njia ya ufukweni ni mwendo wa miguu, na alasiri moja kwa wiki itawatosha kwa kuanzia.

Tuje kwenye pesa, maana hapa dua bila hesabu itakuumiza. Sikukatazi Saudia kwa kuona haya kazi ya nyumbani. Dada zetu wengi wamejenga nyumba na kusomesha ndugu kwa kazi hiyo, na wengine wamepatwa na makubwa. Ukiamua kwenda, uende kupitia wakala aliyesajiliwa, mkataba umeusoma na nakala ameshika baba yako. Lakini usiende kwa sababu umeamini kwamba Mungu amekukataa hapa. Ukiondoka na imani hiyo utaibeba kila chumba utakachofagia, na hiyo ndiyo ninayoihofia kuliko kazi yenyewe.

Kabla ya kuamua, kaa na baba yako mhesabu nyumba inahitaji kiasi gani kwa mwezi. Huenda pengo ni dogo kuliko hofu yenu. Asubuhi zako ziko wazi na una ualimu wa chekechea, zitumie. Ukishona kofia, jioni zina kazi. Na usione aibu kutoza ada ya chuo, kila mzazi kwa uwezo wake. Mtume (s.a.w.) amesema, na Bukhari ameipokea, kwamba kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira ni Kitabu cha Mungu. Kazi uliyopewa na Mungu haikukatazi kula kwayo. Nimeona watu wema wakiiua kazi yao kwa kuifanya bure mpaka wakachoka, kisha wakadhani Mungu ndiye aliyeiua.

Ukumbi utatafutwa, na hilo ndilo jepesi kuliko yote hata kama leo linaonekana ndilo kubwa. Wanne hawahitaji nyumba. Wanahitaji daka pana, ile baraza ya mlangoni, au chumba cha chuo kisichotumika alasiri, au darasa la shule baada ya wanafunzi kutoka. Nenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu. Nenda pia ofisi ya elimu ya kaunti, uwaandikie kwa karatasi, majina ya watoto na umri wao, ueleze unachofanya. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha ya ishara ya Kenya, na kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kusoma na haki ya kutumia lugha hiyo. Unapoingia ofisi hizo huendi kuomba sadaka. Na watoto hao wasajiliwe katika baraza la taifa la watu wenye ulemavu, wazazi wengi hawajui hata kwamba lipo.

Unaweza kuniuliza, na kama haya yote yakishindikana? Wanne wakawa wawili, kisha ukabaki na mdogo wako tu? Basi kazi itakuwa imebadilika umbo, na utabaki nayo. Huenda ndio wakati wa kwenda kusoma zaidi, kwa mfano katika ile taasisi ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, Nairobi, inayofundisha walimu wa watoto kama wako. Nabii Musa alikaa Madyani akichunga mifugo ya mkwewe, mkataba wa miaka minane au kumi, na aliyemtuma alikuwa anajua alipo. Kuondoka Lamu ili urudi na elimu si sawa na kuondoka Lamu kwa kukata tamaa, hata kama basi litakalokubeba kutoka Mokowe, ng'ambo ya kisiwa chetu, ni lilelile.

Mwambie mama yako, kwa sauti ya chini na si mbele ya watu, kwamba unamwomba muda wa muhula mmoja tu wa shule. Mwambie utakachofanya ndani ya muda huo: utakwenda kwa mwalimu, utawaendea wazazi, utapeleka barua kaunti, utaleta kiasi fulani cha pesa nyumbani. Mama akiona mpango atapumua. Mpaka sasa amekuona ukilia tu na kuswali, na mama anayemwona binti yake hivyo atamtafutia njia ya kutoka, hata iwe Saudia. Mwalike siku moja aje chuoni akae nyuma aangalie. Sidhani kama amewahi kuja, hukulitaja katika barua.

Anza na mwalimu wako, wiki hii, kabla hujatafuta ukumbi. Ukishaonana naye niandikie amesema nini, nataka kujua. Na msomaji yeyote wa Langoni, Mkomani au Shela aliye na daka au chumba kisichotumika kati ya alasiri na magharibi atuandikie hapa, tutamuunganisha na mwalimu huyu.

Shangazi